Mnyonge mnyongeni: dhana potofu na ukweli kuhusu "Underdog" ya Sly and the Family Stone

Mwaka 1967 lebo ya Epic ya Marekani ilitoa santuri ndogo ya spidi 45 yenye namba 5-10229. Upande A ulikuwa na wimbo "Underdog", upande B "Bad Risk". Waliopiga ni watu sita kutoka San Francisco waliojiita Sly and the Family Stone: weusi na weupe kwenye jukwaa moja, na mwanamke akipuliza tarumbeta. Santuri hiyo haikuingia chati. Iliyofuata kutoka kwa bendi hiyohiyo na lebo hiyohiyo, namba 5-10256, ni "Dance to the Music", nayo ikapanda mpaka nafasi ya 8 kwenye Billboard Hot 100, orodha ya kila wiki ya nyimbo 100 zinazovuma Marekani.

Kati ya namba hizo mbili pameota simulizi nyingi. Baadhi zina chembe ya ukweli. Nyingine zimeungwa baada ya bendi kupata jina, na zinasomeka kana kwamba kila mtu alijua tangu mwanzo mambo yataishia wapi.

Dhana: Wimbo unahusu mbwa, au ulitungwa kwa ajili ya katuni

Kulikuwa na katuni ya televisheni ya Marekani yenye jina Underdog, iliyoanza kuonyeshwa 1964, ya mbwa anayeruka angani kuokoa watu. Haina uhusiano wowote na wimbo huu. Kwa Kiingereza neno hilo ni la mtu anayehesabiwa kuwa ameshashindwa kabla mchezo haujaanza. Kwetu huyo ndiye mnyonge, na tunayo methali yake: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Sly, kiongozi na mwimbaji wa bendi, anaidai hiyo haki. Mistari ya beti inaanza kwa maneno yaleyale, "najua inavyokuwa", kisha inafuata hali moja baada ya nyingine: kugeukiwa na kukodolewa macho, kunyimwa haki wakati ukweli uko upande wako, kutakiwa uwe bora mara mbili ya wenzako ndipo uhesabiwe sawa nao.

Wapo wanaokwenda upande wa pili na kusema ni wimbo wa rangi ya ngozi tu. Rangi imo, kwa maana Mmarekani mweusi wa 1967 asingeweza kuusikia vinginevyo. Lakini rangi haitajwi kwa jina mahali popote katika mashairi, na hilo ni la makusudi: mlango umeachwa wazi kwa kila aliyewahi kuwekwa pembeni.

Dhana: Walikuwa wageni studio, ndiyo maana santuri ya kwanza ilianguka

Hii ndiyo dhana dhaifu kuliko zote. Sylvester Stewart, jina halisi la Sly, alizaliwa Denton, Texas, mwaka 1943 na kukulia Vallejo, California. Mwaka 1952, akiwa mtoto wa miaka tisa, alirekodi santuri ya nyimbo za injili pamoja na ndugu zake kwa jina la The Stewart Four. Alipofikia umri wa miaka 21 alikuwa prodyuza wa lebo ya Autumn Records ya San Francisco, na "C'mon and Swim" ya Bobby Freeman, aliyoitunga na kuisimamia, ilifika nafasi ya 5 mwaka 1964. Alizisimamia pia rekodi za bendi za roki za vijana weupe kama The Beau Brummels. Juu ya hayo alikuwa mtangazaji wa redio, kwanza KSOL kisha KDIA, vituo vya wasikilizaji weusi, naye akichomeka nyimbo za The Beatles na Bob Dylan katikati ya nyimbo za soul.

Kwa hiyo mtu aliyetengeneza "Underdog" alikuwa ameshakaa pande zote mbili za kioo cha studio, na upande wa tatu pia: kiti cha anayeamua wimbo gani uchezwe hewani. Alijua mtangazaji anataka nini. Kwenye santuri hii hakumpa.

Wala haikuwa santuri ya kwanza ya bendi. Mapema 1967 walitoa "I Ain't Got Nobody (For Real)" kwa lebo ndogo ya Loadstone, iliyosikika zaidi kwao nyumbani.

Dhana: Rose Stone ndiye anayepiga kinanda

Hapana. Picha maarufu za bendi zinaonyesha watu saba, akiwemo dada yake Sly, Rose, kwa hiyo msikilizaji humweka kwenye kila rekodi. Kwenye "Underdog" walikuwa sita: Sly kwenye kinanda na sauti ya kuongoza, mdogo wake Freddie kwenye gitaa, Larry Graham besi, Greg Errico dramu, Cynthia Robinson tarumbeta, Jerry Martini saksafoni. Rose alikuwa ameshaalikwa tangu mwanzo, ila hakutaka kuacha kazi yake ya uhakika, kazi ya duka la santuri. Alijiunga wakati wa "Dance to the Music".

Dhana: Zile ala za kupuliza za mwanzo ni muziki wa mazishi, au ni bendi inapasha moto

Wimbo unafunguka kwa tarumbeta na saksafoni zikienda taratibu, kwa huzuni, na wengi hudhani ni wimbo wa maziko wa New Orleans. Sikiliza tena. Ni "Frère Jacques", wimbo wa watoto wa Kifaransa unaoimbwa shuleni kwa kupokezana, ila umehamishwa kutoka ufunguo wa meja kwenda wa maina.

Aliyeimba kwaya na kusoma tonic sol-fa anaweza kuujaribu mwenyewe. Wimbo wa kawaida unaanza hivi:

d r m d | d r m d | m f s | m f s

Ukiuhamishia kwenye maina, ukianzia *la*, unakuwa:

l t d l | l t d l | d r m | d r m

Kilichobadilika ni kitu kidogo sana. Kutoka *d* hadi *m* kuna nusu-toni nne; kutoka *l* hadi *d* kuna tatu. Nusu-toni moja tu, na wimbo wa kuamshia watoto unageuka kuwa wa kulaza maiti. Mtunzi Mahler aliutumia ujanja huohuo kwenye sehemu ya tatu ya Simfonia yake ya kwanza, iliyopigwa mara ya kwanza Budapest mwaka 1889, kwa hiyo anayesikia mazishi hapo hajakosea sana. Amekosea tu chanzo.

Utangulizi huo una kazi yake. Maneno ya "Frère Jacques" yanamuuliza aliyelala kama bado amelala. Baada ya swali hilo la kejeli bendi nzima inaanguka kwa kishindo, na Sly anaanza kuorodhesha maonevu. Kama kiini cha wimbo, ni uzuri. Kama sekunde za kwanza za santuri inayotakiwa kumnasa dereva aliyewasha redio ya gari, ni kikwazo, na tutarudi hapo.

Dhana: Kutoingia chati maana yake hakuna aliyeinunua

Hapa ndipo penye kutoelewana kukubwa, kwa sababu wengi wanaifikiria chati ya 1967 kama hesabu ya leo ya mtandaoni, ambapo kila mbofyo mmoja unahesabiwa. Haikuwa hivyo hata kidogo.

Billboard Hot 100 ilianza Agosti 1958. Kila wiki jarida lilikusanya taarifa za aina mbili. Ya kwanza ilitoka kwenye maduka ya santuri yaliyochaguliwa: duka halikutuma risiti, lilitaja santuri zinazotoka sana na mpangilio wake. Ya pili ilitoka kwenye vituo vya redio: nyimbo walizo nazo kwenye orodha yao ya kupigwa. Taarifa hizo ziligeuzwa kuwa pointi, zikajumlishwa, na 100 za juu zikachapishwa. Chini yake kulikuwa na orodha ya pembeni ya nyimbo zinazokaribia kupenya, na kulikuwa na chati nyingine kwa ajili ya muziki wa wasikilizaji weusi, R&B. Kuhesabu mauzo kwa kusoma alama za mistari dukani kulikuja 1991, miaka 24 baada ya "Underdog".

Mfumo wa namna hiyo unapima msongamano, si jumla. Chukua mfano wa kubuni. Santuri ya kwanza inauza nakala 20,000 katika mji mmoja na vitongoji vyake, taratibu, kwa miezi sita. Ya pili inauza 20,000 hizohizo katika miji ishirini ndani ya wiki mbili. Ya kwanza haionekani kabisa, kwa sababu hakuna wiki hata moja ambayo maduka mengi yanaitaja kwa pamoja. Ya pili inaingia. Fedha ni ileile, nyuso za wanunuzi ni idadi ileile.

Kisha kuna mduara ambao umeziua santuri nyingi nzuri:

- Redio haipigi wimbo mpaka ione dalili kwamba unauzika.
- Duka haliagizi santuri mpaka wateja waiulizie, na wateja huulizia walichosikia redioni.
- Msambazaji hapeleki makasha ya ziada mpaka maduka yaagize, na zisizouzwa hurudishwa kwake.
- Duka lisilo na santuri haliwezi kuitaja kwenye taarifa yake ya wiki.

Mduara huo ukikwama sehemu moja tu, basi. "Underdog" ilikwama kwenye hatua ya kwanza. Albamu yake, *A Whole New Thing*, iliyotoka Oktoba 1967, nayo haikuingia chati ya albamu, ingawa wanamuziki waliipenda, wakiwemo Mose Allison na Tony Bennett. Sifa za wanamuziki wenzako hazijazwi kwenye fomu ya Billboard.

Dhana: Lebo haikuwa na nguvu ya kuusukuma

Epic ilikuwa chini ya CBS, moja ya kampuni kubwa kabisa za santuri duniani. Oktoba na Novemba 1967, wimbo wa Lulu "To Sir with Love" ulikaa nafasi ya kwanza Marekani kwa wiki tano mfululizo. Lebo yake nchini Marekani? Epic. Mtandao uleule wa wauzaji uliokuwa unabeba wimbo namba moja wa taifa ndio uliokuwa na Sly mkononi.

Kuna kichekesho zaidi. "To Sir with Love" iliwekwa upande B wa santuri yake. Watangazaji waliigeuza wenyewe wakakuta mali upande wa pili. Kwa hiyo nguvu ya lebo ilihitajika, ndiyo, lakini haikutosha, na wakati mwingine lebo yenyewe haikujua imebeba nini.

Dhana: Ulikuwa mrefu mno kwa redio

Nusu ya ukweli. Kwenye albamu wimbo unakaribia dakika 4, wakati santuri za redio za wakati ule zilipenda kukaa chini ya 3. "The Letter" ya The Box Tops, iliyoongoza chati Septemba na Oktoba 1967, haifiki hata dakika 2. Bendi ya The Doors ilikata "Light My Fire" kutoka takriban dakika 7 hadi chini ya 3 ili iende redioni, ikawa namba moja Julai.

Lakini "Ode to Billie Joe" ya Bobbie Gentry ina zaidi ya dakika 4 na iliongoza Agosti hadi Septemba mwaka huohuo. Urefu peke yake hauui wimbo. Gentry anasimulia kisa, na msikilizaji anangoja kujua aliyejirusha darajani alikuwa na siri gani. Dakika nne zake zina kamba ya kumvuta mtu.

Basi nini kilikwamisha "Underdog"? Huu ni uamuzi wetu wa kuusikiliza, lakini ushahidi umo ndani ya wimbo wenyewe:

Kwanza, hauna mpini mapema. Utangulizi wa maina, kisha mlipuko, kisha beti lenye maneno mengi yanayokimbizana. Mpaka sikio lipate cha kushika, kidole kimeshafika kwenye kituo kingine.

Pili, kila mtu yuko kazini kwa wakati mmoja. Albamu ilirekodiwa kwa bendi kupiga pamoja studio, si kwa kupandisha sauti moja juu ya nyingine kama walivyofanya baadaye. Kipindi hicho walikuwa wakipiga kila usiku kwenye klabu ya Pussycat a Go-Go huko Las Vegas, na siku ya mapumziko wakielekea Los Angeles kurekodi. Ndiyo maana rekodi ina joto la jukwaa. Ila joto hilo likipita kwenye spika moja ndogo ya redio ya AM, ambayo hukata sauti za chini sana na za juu sana, kinachobaki ni katikati: kinanda, gitaa, tarumbeta, saksafoni na sauti za waimbaji, vyote vikigombania kiti kimoja. Ujaribu leo: zima spika kubwa, ucheze kwa spika ya simu ya zamani, kisha ucheze "The Letter" kwa spika hiyohiyo. Tofauti utaisikia ndani ya sekunde kumi.

Tatu, haukuwa na kituo chake. Kwa redio za soul ulikuwa na roki nyingi; kwa redio za Top 40, zinazopiga nyimbo zinazovuma tu, ulikuwa na maneno makali na ala za kanisani. Redio ya FM ya kupiga chochote ndiyo kwanza ilikuwa inazaliwa: Tom Donahue, bosi wa zamani wa Sly pale Autumn, alianza kazi hiyo KMPX San Francisco mwaka huohuo wa 1967. Huko ndiko wimbo kama huu ungepata nyumba, lakini wasikilizaji wa FM bado walikuwa wachache.

Je, sura ya bendi, weusi na weupe pamoja, iliwazuia? Huenda iliwafungia milango fulani. Lakini bendi haikubadilisha sura ilipotoa "Dance to the Music". Sura ileile, tena na dada mmoja zaidi, iliingia kumi bora. Sababu hiyo pekee haijibu swali.

Dhana: "Dance to the Music" ni kitu kipya kabisa, Sly alijisaliti

Uongozi wa CBS, Clive Davis akiwa juu, ulitaka kitu cha kuuzika zaidi. Hilo ni kweli, na wanabendi hawakuipenda sana "Dance to the Music" walipoirekodi. Jerry Martini ameeleza waziwazi kwamba waliona ni kitu cha kishamba. Lakini weka nyimbo mbili pamoja usikilize vifaa. Bendi ileile. Kuitikizana kulekule. Sauti za kuhimiza zilezile. Kilichobadilika ni mpangilio:

Cynthia anafungua kwa kupaza sauti akiwaamuru watu wainuke wacheze. Mpini umepatikana sekunde ya kwanza. Kisha ala zinatambulishwa moja moja: dramu, gitaa, besi, kinanda, mwisho Cynthia na Jerry na ala zao za kupuliza. Kila ala inapewa nafasi tupu ya kuingilia, kwa hiyo hata kwenye redio mbovu hakuna anayemkanyaga mwenzake. Maneno ni machache, yanarudiwa. Hakuna anayeshtakiwa. Na dakika ni kama 3.

Ukipenda, ni "Underdog" iliyofunguliwa boliti na kupangwa mezani kipande kwa kipande. Anayesema Sly alipoteza ujasiri wa maneno asubiri mwaka mmoja: "Everyday People", iliyoongoza chati mapema 1969, inarudi kwenye hoja ileile ya nani anamdharau nani, safari hii kwa wimbo ambao mtoto wa chekechea anaweza kuufuata.

Dhana: Ndio wimbo wa kwanza wa funk roki

Mashindano ya "wa kwanza" hayana mshindi. Julai 1967 James Brown alikuwa ameshatoa "Cold Sweat", iliyoongoza chati ya R&B, na huko ndiko funk ilikopata umbo lake: kila ala ni ngoma. Mwaka huohuo Jimi Hendrix alitoa albamu yake ya kwanza. "Underdog" inasimama mahali ambapo njia hizo zinakutana, ikiwa na kinanda cha kanisani na gitaa la roki, na ni miongoni mwa santuri za mapema kabisa kufanya hivyo ndani ya bendi moja ya kudumu. Hiyo inatosha. Jina "funk roki" lenyewe lilizoeleka baadaye; wakati ule wauzaji waliita soul, wakiongeza neno "saikedeli" walipotaka kuuza kwa vijana wa San Francisco.

Inaambatana na dhana nyingine, kwamba hapa ndipo Larry Graham alipozindua upigaji besi wa kugonga kwa gumba na kudonoa kwa kidole. Mtindo huo aliuanza kabla ya bendi, akipiga na mama yake, Dell Graham, mpiga piano. Kinanda alichokuwa akikikanyagia sauti za besi kiliharibika, akakodi gitaa la besi. Baadaye walibaki bila mpiga dramu, gumba likachukua kazi ya dramu kubwa na kidole kazi ya dramu ndogo. Anayetaka kujifunza mtindo huo kutoka kwenye rekodi aanze na "Thank You (Falettinme Be Mice Elf Agin)", iliyotoka mwishoni mwa 1969. Hapo uko wazi, peke yake, hauhitaji kuutafuta.

Dhana: Wimbo ulizikwa ukasahaulika

Ulikosekana, ndiyo. *Greatest Hits* ya 1970, albamu iliyouza sana na iliyowatambulisha Sly kwa kizazi kizima, ina nyimbo 12 na "Underdog" haimo. Hakuna hata wimbo mmoja wa *A Whole New Thing*. Kwa mtu aliyeinunua albamu hiyo, bendi ilianza na "Dance to the Music". Huo ndio mzizi wa nusu ya dhana tulizozitaja hapa.

Lakini kusahaulika ni jambo jingine. Mwaka 2001 bendi ya The Dirtbombs ya Detroit iliurekodi upya kwenye *Ultraglide in Black*, gitaa likiwa na vumbi na mkwaruzo, na unasimama vizuri, ishara kwamba mifupa yake ni migumu. Mwaka 2007 albamu zote za zamani za bendi zilitolewa upya na nyongeza. Sly alifariki Juni 2025, na watu waliorudi kusikiliza kazi yake tangu mwanzo waliukuta huu ndio wimbo wa kwanza wa albamu ya kwanza.

Dhana: Toleo lolote ni lilelile

Ukiutafuta mtandaoni, usiandike "Underdog" pekee. Utaletewa ya Kasabian ya 2009, ya Alicia Keys ya 2020, na "The Underdog" ya Spoon ya 2007. Andika jina la bendi na la albamu.

Kisha chagua kati ya stereo na mono. Toleo la stereo ni la albamu. Linatawanya ala kushoto na kulia, na ukivaa visikilizio utaweza kumfuata kila mpigaji. Toleo la mono la santuri ndogo, lililowekwa kama nyongeza kwenye toleo la 2007, linabana kila kitu katikati na ndilo lililolengwa kwa redio. Anayejadili kwa nini wimbo haukufaulu akitumia stereo anajadili kitu ambacho watangazaji wa AM hawakukisikia.

Kwa aliyebahatika kupata santuri yenyewe:

- Tundu la katikati ni la takriban milimita 38. Bila kiziba chake, santuri itayumba na sauti itapanda na kushuka.
- Spidi ni 45. Ukiisahau kwenye 33⅓, wimbo unashuka nusu-toni tano na zaidi kidogo, na kila dakika 3 zinakuwa dakika 4 na sekunde 3. Utangulizi huo wa huzuni unadanganya: kwa spidi ya chini unasikika sawa kabisa, na utagundua kosa Sly akianza kuimba.
- Santuri nyingi ndogo za Marekani za miaka hiyo hazikuwa za vinili bali za polistirini. Utaitambua kwa lebo ya karatasi iliyobandikwa juu juu, na kwa mlio mkavu ukiigonga taratibu kwa kucha. Polistirini inakwaruzwa haraka na sindano iliyochakaa, na sehemu za kwanza kuharibika ni zile zenye kelele nyingi. Kwa wimbo huu ni karibu zote baada ya utangulizi, kwa hiyo mnunuzi asiridhike kwa kusikia tarumbeta safi za mwanzo; apeleke sindano katikati.
- Nakala za redio zina maandishi yanayosema si za kuuzwa. Zilitumwa vituoni bure, na kwa kuwa zilipigwa mara chache, baadhi ziko katika hali nzuri kuliko zilizonunuliwa dukani.